Nani Alimwita Baba?

Iko siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na wiki hii imenirudia kwa sababu ya mjukuu wangu Limi. Limi anasoma chuo hapa Bariadi, yuko mwaka wa pili, na wenzake wamemchagua awe waziri wa habari kwenye serikali yao ya wanafunzi. Kazi yake ni matangazo. Jumamosi alikuja kwangu kunisaidia kufua, lakini nguo hazikufuliwa, maana alijitupa kwenye kochi na simu mkononi, amenuna.

Nikamuuliza ana nini. Akasema wiki ijayo chuoni wana wiki ya huduma. Akanipa simu nisome tangazo mwenyewe, nikamwambia anisomee, miwani sijui nimeiweka wapi. Miwani ilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Siku hizi hata nikiivaa naona ukungu tu, ila hilo sikumwambia, na madaktari wenyewe nimewakwepa tangu mavuno yaliyopita.

Basi akanisomea. Jumatatu watu wachangie damu. Jumanne wanakuja wanasheria wa kusaidia bure. Jumatano ni ushauri nasaha, kwa wanafunzi wenye mambo yao moyoni. Alhamisi madaktari wa macho, na majirani wa chuo wanaruhusiwa. Ijumaa mpira, kisha ngoma. Tangazo lilikuwa zuri, sikatai, lina mpaka picha. Amelituma kwenye magrupu yote na amelibandika ubaoni, na bado ana hofu, kwa sababu muhula uliopita alifanya hivyo hivyo na watu hawakuja. Mshauri wa wanafunzi alikaa peke yake kwenye chumba siku nzima, na baada ya wiki mbili msichana mmoja wa bweni la Limi akafunga begi akaacha chuo bila kumwambia mtu neno. Hilo ndilo linalomuuma. Akasema, "Bibi, wanaona wote, halafu hawaji. Watu wa siku hizi hawajali."

Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanangu, na nina ule ugonjwa wetu wa kujibu swali kwa hadithi. Limi anaujua. Aliponiona nimesukuma kikombe pembeni akavua viatu, akapandisha miguu kwenye kochi.

Nilizaliwa Bukundi, kule Meatu, kwa wafugaji. Baba yangu, Mzee Maduhu, alikuwa mtu wa ng'ombe zake na maneno machache. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu kule Maswa hakufurahi wala hakugomba. Alimwambia mama niende nijaribu mwaka mmoja, halafu ataona. Lakini tulijua ataona nini. Kulikuwa na familia ya kijiji cha jirani imeshakuja kuongea habari zangu, ng'ombe wameshatajwa, na kijana wao mwenyewe hakuwa mbaya, maskini, ila mimi nilitaka kufundisha. Nilitaka mpaka nilikuwa naota nimeshika chaki. Mama aliniambia dawa ni moja tu, baba aje aone kwa macho yake ninachofanya kule, maana mzee yule kitu asichokiona kwake hakipo.

Chuo kilikuwa na Siku ya Wazazi. Ilitangazwa vizuri kuliko hili tangazo la Limi. Ilitangazwa redioni, ilisomwa kanisani, na mtu mwenye kipaza sauti akapelekwa kuitangaza kwenye minada yote ya ng'ombe, pale pale wafugaji walipojaa. Nikatulia. Nikafua sare yangu nikaipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama. Siku ilipofika nilikaa getini tangu asubuhi. Wakaja wazazi wa Nyalikungu na mikoba yao, wakaja wa Bariadi, wakaja hata akina mama wawili waliotembea usiku kucha. Baba hakuja. Wenzangu walipokuwa wanakula wali na wazazi wao kwenye majani, mimi nilijificha nyuma ya stoo ya kuni nikalia kwa kwikwi kama mtoto mdogo.

Alinikuta huko Mwalimu Ngolo. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa malezi, mama mnene wa kimo kifupi, Msukuma mwenzetu, mwenye sauti ya kutosha kuamsha bweni zima bila kengele. Hakunibembeleza. Alikaa kwenye gogo akaniuliza nalia nini. Nikamweleza yote, ng'ombe waliotajwa na mwaka mmoja wa kujaribu, nikamaliza kwa kusema baba yangu hanijali, ameitwa na amekataa kuja.

Akaniuliza, "Nani alimwita?"

Nikasema imetangazwa redioni. Imetangazwa mnadani, na mnadani baba hakosi.

"Sijauliza imetangazwa wapi. Nimeuliza nani alimwita."

Akanikazia macho, akaanza kunisema. Akasema wewe binti umekulia Bukundi halafu unajifanya mgeni wa kwenu. Kwenu mtu akiwa na harusi, au akitaka watu wa kumsaidia kulima, anafanya nini? Nikasema anatuma mtu. Anakwenda wapi huyo mtu? Anapita kaya kwa kaya. Akifika? Anapewa kigoda, anaamkiana na wenyeji, anaulizwa habari za mvua na za ng'ombe, anakula kilichopo, ndipo anasema kilichomleta. Na asiyefikiwa je? Jibu nililijua tangu nikiwa mtoto. Asiyefikiwa hakuitwa, na mtu mzima haendi kwa watu bila kuitwa, labda awe mlevi. Mwalimu Ngolo akasimama akapangusa gauni. Akasema kufunga mwaka kuna maonyesho ya wanafunzi na masomo ya mfano, na kabla ya hapo tutakwenda Bukundi mimi na yeye. Nioshe uso nikale.

Ulikuwa msimu wa pamba, mwanangu. Malori yalikuwa yanazunguka vijijini kukusanya, na dereva mmoja akatubeba. Mwalimu Ngolo alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia matupu, vumbi likanipaka mpaka kope. Sijui kwa nini, lakini safari ile naipenda mpaka leo. Nikisikia harufu ya pamba iliyolala juani, huwa nasimama kidogo njiani, na watu wananipita wakidhani bibi amesahau aendako.

Tulifika jua limeanza kupoa. Baba alikuwa zizini. Mwalimu Ngolo hakumfuata huko wala hakumwita kwa sauti. Alisimama kwenye uwanja wa kaya mpaka akaonekana, akaamkia kwa Kisukuma chetu, mwadila, kwa taratibu zote, akapiga goti, na hapo nikashtuka, kwa sababu chuoni sisi ndio tuliokuwa tunampigia yeye. Akaletewa kigoda. Mama akaleta michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, na maziwa mgando. Walizungumza mvua. Walizungumza kupe. Walizungumza ukoo wa Mwalimu Ngolo mpaka wakapata shangazi fulani aliyeolewa upande wetu, baba akacheka. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, roho iko juu, naona wanapoteza muda na mambo ya ng'ombe.

Ndipo akasema, "Mzee Maduhu, nimekuja kukuita. Siku ya kufunga chuo nataka ukae mbele, umwone mwanao anavyosimama kufundisha."

Baba akasema ile Siku ya Wazazi aliisikia pale mnadani. Maneno yake nayakumbuka. "Yule wa kipaza sauti alitangaza wazazi, akatangaza dawa ya kupe, akatangaza ng'ombe aliyepotea. Sasa mimi hapo niko wapi?" Akamgeukia mama akamwambia aongeze maziwa. Hakusema atakuja wala hatakuja, lakini mama alinifinya mkono jikoni, nami nikajua atakuja.

Alikuja. Alivaa koti lake la kanisani lenye harufu ya moshi, na fimbo yake mkononi, akaketi mstari wa mbele kabisa na magoti pamoja. Nilifundisha watoto wa darasa la kwanza kuhesabu kwa mbegu za pamba. Mbegu zikanimwagikia chini, watoto wakacheka, nami nikacheka nao, tukaziokota huku tunazihesabu, na somo likawa zuri kuliko nilivyolipanga. Watu walipiga makofi. Baba hakupiga. Baada ya pale alimwomba Mwalimu Ngolo amwonyeshe tunapolala. Akaenda akabonyeza godoro langu, akagonga tanki la maji kwa fimbo, akachungulia jikoni akauliza wali unapikwa kwa mafuta gani, akauliza mtoto akiugua anapelekwa wapi na nani. Alikagua chuo kile kama mtu anayetaka kuhamishia mifugo yake pale.

Kuniambia mimi, hakuniambia kitu. Mama ndiye aliyenisimulia likizo. Baba alirudi, akalala, asubuhi akaenda kwa miguu mpaka kwa ile familia ya kijiji cha jirani. Mama alimshauri amtume kaka yangu, akakataa, akasema jambo kama lile mtu analipeleka mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda chao, akawaambia binti bado anasoma na asingependa wamsubiri. Wakaelewana. Nilimpenda baba yangu siku hiyo mpaka kifua kiliuma.

Mwaka wa mahafali yangu, Mwalimu Ngolo alikuwa ameshahamishwa. Alipelekwa Kiloleli, huko Busega, na kwa barabara za wakati ule ilikuwa kama kumpeleka nchi nyingine. Niliomba ofisini wamwalike, wakasema mialiko yote imeshatumwa, nisiwe na wasiwasi. Siku yenyewe nimesimama na joho langu, naangalia getini kama ile siku ya kwanza. Nikaona lori la pamba linaingia, limejaa watu wa Bukundi. Mashangazi, majirani, mpaka mchungaji wetu wa kanisa. Baba alikuwa amepita kaya kwa kaya. Akashuka yeye kutoka mbele, akageuka, akampa mkono mtu ashuke. Akashuka Mwalimu Ngolo.

Nililia hadharani na joho langu, na sikuona aibu hata kidogo.

Wakati wa chakula Mwalimu ndiye aliyenieleza. Alikuwa darasani kule Kiloleli, akamwona mzee wa Kisukuma amesimama uwanjani na fimbo, mweupe kwa vumbi, hamwiti mtu, anasubiri kuonekana. Akamtolea kiti. Mzee akamuuliza habari za mvua, akamuuliza afya yake, akala alichopewa mpaka akamaliza. Ndipo akasema, "Ulikuja kwangu kuniita. Na mimi nimekuja kukuita." Baba ambaye hakuwahi kuvuka Maswa katika maisha yake alikuwa ameuliza njia mpaka karibu na ziwa, kwa ajili ya kusema maneno hayo tu. Wote wawili wameshatangulia sasa, Mungu awalaze pema. Sijaona tena watu wanaoitana namna ile, nami nawakumbuka kila chuo kikifunga.

Nilipomaliza nilitegemea Limi aseme hadithi nzuri bibi, aondoke zake. Badala yake aliweka simu kwenye meza, imelala kifudifudi, akatoka kwenye kochi. Akaenda jikoni akarudi na kile kigoda ninachokalia nikichambua mboga, akakiweka karibu na magoti yangu, akakaa. Akaniamkia upya, kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Akauliza magoti yanaendeleaje. Akauliza kuku. Akauliza kama tanki limejaa mvua ya juzi. Nikamjibu yote, naona anakoelekea, na macho yangu haya mabovu yakaanza kujaa maji.

"Bibi," akasema, "nimekuja kukuita. Alhamisi wanapima macho. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Alijua, kumbe. Siku zote alijua, na miwani ya mfukoni alishaiona. Nikamwambia nitakuja.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe uliyeko chuoni na simu yako. Bandika tangazo lako, tuma, sikukatazi, watu wajue siku na mahali. Ukishalituma usiseme umemwita mtu. Toka, pita vyumbani. Yule mwenzako ambaye hatoki kitandani tangu matokeo yabandikwe, gonga mlango wake, kaa, muulize hali, usikimbilie kusema kilichokuleta, halafu mwambie Jumatano twende wote. Mpitie mlinzi wa getini na mama wa mgahawa, na wao wana macho na damu. Na wewe ukiitwa hivyo, hata na mtu usiyemjali sana, nenda. Mtu aliyekuja mpaka mlangoni kwako amekubeba moyoni mwake njia nzima, usimrudishe mikono mitupu.

Mungu akutangulie katika masomo yako. Akupe miguu ya kuwafikia watu, na akujalie watu wa kukufikia wewe siku utakapokuwa umejifungia. Usikose mtu wa kukuita, mwanangu, mpaka uzeeke kama mimi.