Gari la Nyota na Ufunguo Niliouficha

Alhamisi, tarehe 13 Novemba. Tangu asubuhi mvua ya rasharasha, ile ambayo ukiwa ndani huisikii, ukitoka hatua ishirini koti limelowa. Upepo hakuna.

Naandika nikiwa sijui kama leo nimefanya vema au vibaya. Nilijaribu kuyapanga kichwani ndani ya basi kutoka Kenton mpaka nyumbani Wembley, hapa London, yakanishinda. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo yenye pande mbili hunichanganya: nikisikia upande wa kwanza naona ni kweli, nikisikia wa pili naona nao ni kweli. Basi nitayaandika jinsi yalivyokuja, asionewe mtu.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mwaka wa pili huu, asubuhi nne kwa wiki, nakwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi. Alizaliwa Mwanza, akawa fundi wa magari huko huko, akahamia London na mkewe wakiwa bado vijana. Mke ameshafariki. Mtoto wao ni mmoja tu, wa kiume, mtu mzima, anakaa Stanmore na familia yake. Mzee anaoga mwenyewe na anavaa mwenyewe. Mimi namsimamia dawa, namvisha zile soksi za kubana miguu, nafagia, tunazungumza. Siku ya kwanza aliposikia lafudhi yangu alinigeuzia Kiswahili, na tangu hapo Kiingereza kimebaki kwenye daftari la kampuni tu, ambamo ni lazima niandike kila nilichofanya kabla sijaondoka.

"Wewe mtu wa wapi?" aliniuliza.

"Korogwe, mzee."

"Basi mkonge unaujua. Gari je, unalijua?"

"Najua kulipanda."

"Kupanda hata mbuzi anapanda, bwana."

Gereji yake ina gari moja, lile la Kijerumani lenye nyota ya ncha tatu ndani ya duara, imesimama juu ya boneti. Ni la zamani, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kila Jumamosi alilifuta vumbi, hata kama halikutoka wiki nzima.

Mimi gari hilo nililijua kwa vumbi lake. Nilipokuwa shule ya msingi, akija mgeni rasmi tulipangwa kando ya barabara tangu asubuhi tumeshika matawi, jua linatuchoma utosi, halafu gari la nyota linapita na pazia kwenye kioo cha nyuma. Mtu ndani hatukumwona. Tuliliimbia gari. Kwangu lile lilikuwa ndiyo serikali yenyewe, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mahali fulani aliyelikaza skrubu.

Mzee ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kuwa walioanza kuyatengeneza magari hayo walikuwa wawili, kila mmoja na karakana yake, hata kushirikiana hawakushirikiana. Kampuni zao zilikuja kuungana baadaye sana, mmoja wao akiwa kaburini. Ncha tatu za nyota ni nchi kavu, majini na angani, maana walitaka injini zao zifike kote. Na jina linalotajwa dunia nzima ni la binti wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiyauza magari yao. Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya mke wa mmoja wa wale wawili. Wakati watu bado wanaliogopa gari la mumewe, yule mama alilichukua alfajiri, mume amelala, akapakia watoto wake wawili wa kiume, akaenda nalo kwa mama yake mzazi. Njiani mafuta aliyanunua duka la dawa. Mpira wa kupitisha mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake.

"Mume aliaga?" nikauliza.

"Alimwachia karatasi tu."

"Kwetu huyo angerudishwa kwao."

"Si alikuwa anakwenda kwao huko huko, binti!" Alicheka mpaka akakohoa.

Niliwahi kumuuliza pia kama ni kweli nilivyosikia redioni, kuwa wakati wa vita vile vikuu kiwanda kiliwatumikisha mateka. Akasema ni kweli, na wenyewe walikuja kukiri. "Chuma hakina kosa," akasema. Halafu akajirudi: "Lakini waliokichonga wanaweza kuwa nalo." Nikaona ni mtu wa haki, maana angeweza kunidanganya na nisingejua.

Bado sikuelewa kwa nini analipenda vile. Gari si ni gari. Siku moja akanipeleka gereji, akaniambia nifungue mlango wa nyuma na kuufunga. Nikaufunga. Ukatoa mlio mzito, mfupi, kama mfuniko wa sufuria kubwa ukikaa mahali pake. Akaniambia Mwanza alitengeneza magari ya wakubwa miaka tisa, amelala chini yake mgongo kwenye saruji, na kiti cha nyuma hakuwahi kukikalia, ilikuwa marufuku. Alipolipata hili la kwake hapa London, kitu cha kwanza alimweka mkewe kiti cha nyuma, akamzungusha Kenton nzima, na mkewe akawa anawapungia mkono majirani kama waziri. Hapo kidogo nilielewa. Au nilidhani nimeelewa.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tisa daktari alimkataza mzee kuendesha kwa sababu ya macho. Leseni akairudisha bila ubishi. Ufunguo akabaki nao mfuko wa koti. Jumatatu ya wiki iliyopita mwanawe alikuja asubuhi nikiwa kazini, mzee yuko bafuni. Jirani alikuwa amempigia simu kuwa amemwona mzee akilitoa gari kinyumenyume mpaka barabarani, akisimama, akilirudisha. Mwana alikuwa na ufunguo mkononi, ameutoa kwenye koti.

"Dada, nisaidie," aliniambia kwa Kiingereza, ila hilo la dada alilisema kwa Kiswahili. "Nimemwomba mara tatu, ananifokea. Akimgonga mtoto wa mtu je?"

"Si uende nao nyumbani kwako?"

"Atajua ni mimi, hatanifungulia mlango tena. Ufiche humu humu, na usiniambie wapi. Akiniuliza nitasema sina, na itakuwa kweli. Atadhani ameupoteza, mwisho atachoka."

Nataka kuwa wa haki kwake. Ni mtoto mzuri, kila Jumapili yuko pale, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikawaza huyo mtoto wa kugongwa, nikaupokea. Maji ya bafuni yalikuwa yanafungwa. Nikauzamisha ndani ya ndoo ya unga wa ngano, mpaka chini kabisa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilifikiri Kikorogwe. Kwetu mzee haingii jikoni akafunua unga. Baba yangu amekufa hajui chumvi inakaa wapi. Chapati nilikuwa naziona pale kwenye kitambaa miezi yote hiyo, nikajijazia mwenyewe kuwa zinaletwa na mkwewe kutoka Stanmore. Sikuuliza.

Mzee alianza kuutafuta siku ile ile. Alipindua mito ya viti, akatoa viatu vyote kabatini. "Binti, umeuona ufunguo wangu?" Nikajibu, "Leo sijauona, mzee." Hilo neno leo nililiweka makusudi, ili usiwe uongo kamili, maana tangu nauzamisha sikuwa nimeuona. Nimelifikiria sana neno hilo. Nadhani lilikuwa baya kuliko uongo.

Wiki hii akaacha kuuliza. Nikashukuru, nikadhani amechoka kama mwanawe alivyosema.

Leo nimefika, nikamkuta mezani hajavaa soksi wala hajawasha taa. Mbele yake kisahani, ndani yake ufunguo, una unga kwenye meno yake.

"Funga mlango," akaniambia. "Kaa. Jana jioni nilikuwa nakanda unga."

"Unakanda wewe, mzee?"

"Tangu mama wa nyumba afariki, nani atanikandia? Nimechota chini, nikaukuta." Akausukuma ule ufunguo kwa kidole kama kitu cha moto. "Mimi ndiye niliyeuweka, binti. Nani mwingine? Na sikumbuki. Nimejaribu siku, saa, nilikuwa nimevaa nini. Sikumbuki hata kidogo. Kaka yangu alianza hivi hivi. Kwanza miwani kwenye friji, mwisho hakunijua."

Nikaangalia jiko. Alikuwa amefunga gesi ya nyumba nzima. Jana alikula biskuti tu akalala.

"Mtu anayeficha ufunguo kwenye unga asiguse usukani," akasema. "Asiguse hata jiko. Mwambie mwanangu aliuze gari, sitabisha. Lakini usiandike kwenye daftari lako. Wakisoma watanipeleka nyumba ya wazee. Nakuomba kama ningemwomba binti yangu."

Niliona wazi kuwa mambo yamekwisha. Gari linauzwa, barabara iko salama, mwana ameridhika, mimi hakuna atakayenijua. Ningesema tu, "Haya, mzee." Ila alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na majibu nilikuwa nayo mimi.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Ufunguo. Niliuweka mimi."

Hakuelewa. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Siku gani?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Ulikuwa unaoga."

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau, mzee. Hapakuwa na cha kusahau."

Akaweka viganja usoni akapumua, akapumua tena. Kisha akainuka, akafungua gesi, akabandika chai, tangawizi akaitwanga mwenyewe. Nikadhani ndiyo tumemaliza. Akanimiminia kikombe, akakiweka mbele yangu, na hapo hasira ikamjia.

"Siku tisa! Siku tisa umenifanya mwendawazimu nyumbani kwangu! Unanivisha soksi huku unajua! Ni yeye aliyekutuma?"

"Aliniomba. Mkono ulikuwa wangu."

"Umejifunza wapi siasa wewe?" Akampigia mwanawe simu, wakasemezana Kigujarati, yeye kwa sauti ya juu, mimi nimeinama kwenye chai. Akanipa simu. Mwana hakunifokea. Aliniambia tu, polepole, "Sasa ufunguo anao tena. Likitokea jambo, utalala vipi?" Nikamrudishia mzee simu yake.

Mzee akauosha ufunguo kwa mswaki mkuukuu, akaukausha, akautia mfukoni.

"Sitaendesha," akasema. "Lakini siendeshi kwa sababu macho yangu ni mabaya, si kwa sababu kichwa kibovu. Andika hivyo."

"Na kabla sijauficha ulilitoa kwa nini?"

"Kulizungusha magurudumu. Likikaa mahali pamoja matairi yanakufa upande mmoja. Ungeniuliza ningekwambia. Mwanangu naye angeuliza ningemwambia. Nyie mnaficha tu."

Nikaandika. Kwanza maneno yake kama alivyoyasema, halafu yangu: kwamba nilificha mali ya mteja bila idhini yake na nikamwacha aitafute siku tisa. Kampuni wakilisoma huenda wakanitoa pale, au wakanitoa kazini kabisa. Sijui. Yeye alisimama nyuma yangu akisoma, akaniambia nimekosea tarehe, nikaisahihisha. Nikamvisha soksi. Mguu alinipa bila kuniangalia.

Mlangoni nikamuuliza, "Nije Jumatatu?"

"Hilo niulize Jumatatu," akasema, akafunga.

Sasa sijui. Huenda kesho akalitoa tena gari lile, macho yenyewe yale, na mtoto wa mtu akawa anavuka. Hapo nitakuwa nimemrudishia mzee akili yake kwa damu ya mwingine. Huenda akatimiza neno lake, akabaki kulifuta vumbi Jumamosi. Nimemweleza binti yangu alipotoka shule, akanijibu kwa Kiingereza chake kuwa nilipaswa kukataa tangu mwanzo, yaani mbona ni rahisi hivyo. Ni kweli. Lakini mwanzoni nilimwona yule mwana macho mekundu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Jioni tumekula wali, maharage ya nazi na mchicha. Binti yangu kaacha mchicha wote kwenye sahani, nikaumalizia mimi.