Sinema ya Magodoro ya Mjomba

Wiki ile nilikesha juu ya godoro la sufi, godoro lile lile ambalo kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu kwamba ukililalia usingizi unakuja wenyewe. Nilikuwa nageukia ubavu huu na ule nikijiuliza swali moja: nani asimamie sinema ya mjomba?

Mjomba alikuwa akishona magodoro nyumbani kwake Kisarawe na kuyauza kwenye banda lake la Maili Moja, pale Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Biashara ilikuwa imepoa. Malori yalianza kupita na magodoro ya kiwandani kutoka Dar es Salaam, na wateja wakawa wanatazama huko. Ndipo mwenye gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini alipomwambia kwamba akileta picha fupi ya magodoro yake, ataionyesha kila atakapokwenda, kabla ya picha kubwa. Mjomba akauza korosho za msimu mzima, akapata fedha za mkanda mmoja. Mmoja tu. Ukiharibika, alisema, analifunga banda na kurudi kwenye jembe. Kisha akanikabidhi mimi kazi ya kumchagua msimamizi, yaani mtu wa kuwaambia watu wasimame wapi na wafanye nini mbele ya kamera, kwa sababu moja: nilikuwa nimetoka chuo.

Chuoni hatukufundishwa sinema. Lakini nilikuwa nimeshaitwa msomi, na niliona aibu kusema sijui. Nikasema nitachunguza. Nikachunguza mpaka mjomba akaanza kunitazama kama mtu anavyotazama sufuria isiyochemka.

Watu wenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mpiga picha wa Dar es Salaam, mwenye kamera ya sinema aliyoizoea kwenye harusi za matajiri. Wa pili alikuwa askari wa zamani, Mnyamwezi aliyehamia Kibaha baada ya vita. Yeye kamera hakuwa nayo, ila kule Burma aliwabebea vyombo Wazungu waliokuwa wakipiga sinema za jeshi. Kamera ingekuwa ya mpiga picha kwa vyovyote vile. Swali lilikuwa nani atoe amri.

Nikawahoji kama mkaguzi wa shule. Mpiga picha nilimwuliza shabaha ya sinema yake ni nini, akajibu kwamba shabaha yake ni kumaliza kabla jua halijazama. Askari nilimwuliza amejifunza nini Burma. Akasema aliwaona askari wakirudishwa kupanda kilima kile kile mara nyingi, mpaka waonekane wamechoka vya kutosha, ingawa walikuwa wamechoka tangu mara ya kwanza. Akacheka mwenyewe. Nikaona kucheka kule si dalili ya mtu makini. Mpiga picha alikuwa na tai. Nikampa nafasi ya kwanza kwa sababu ya tai, kisha nikajilaumu kwamba nahukumu watu kwa mavazi, nikampa askari nafasi ya kwanza, nikakesha tena.

Mwishowe niliwaita wote wawili Kisarawe, wafanye majaribio uani kwa mjomba, kamera ikiwa haina mkanda. Maandalizi nikayafanya mwenyewe, kwa makini. Nilifikiria sana mjomba ajifunike nini. Kanga ina maua mengi, ingelimeza godoro. Blanketi lingeleta habari za homa. Nyeupe ndiyo ingeonyesha usafi. Basi jioni nikaenda dukani, nikaomba bafta, ile nguo nyeupe ya pamba, kipande cha kumfunika mtu mzima. Mwenye duka akaacha mizani yake, akaniuliza kwa sauti ya chini ni ya nani. Nikamwambia ya mjomba, na kwamba inahitajika kesho asubuhi. Akanipunguzia bei, akanishika mkono.

"Pole sana, kijana."

Nikadhani ananionea huruma kwa kazi niliyopewa. Nikamshukuru, nikamwambia ni kweli, huu ni mzigo mzito.

Asubuhi mpiga picha akaanza. Akamlaza mjomba chali, akamnyoosha miguu, akamfunika bafta mpaka kidevuni, akamwagiza asitikisike hata kidogo, kama alivyowaagiza wateja wake wa mjini. Kipande cha sufi kilikuwa kimemnasa mjomba puani. Nilikiona. Nilikuwa bado nafikiri kama nikitoe mimi au nimwachie msimamizi, majirani wakaanza kuingia uani.

Habari za sanda ya mjomba zilikuwa zimetoka dukani. Waliingia taratibu, wanaume wamevaa kofia, wanawake wamejitanda kanga. Mama mmoja wa nyumba ya pili akamwona mjomba, akaangua kilio. Mpiga picha akapaza sauti kwamba watu wanaingia kwenye picha yake. Mjomba, ambaye alimheshimu fundi wa kila aina, hakutikisika. Mimi nilisimama nikipanga nianze kueleza kwa nani: kwa waombolezaji, kwa mpiga picha, au kwa marehemu.

Askari akavua kofia, akajilaza kando ya mjomba, akavuta upande wa bafta akajifunika. Mjomba ni Mzaramo, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na msibani mtani hufanya ambayo mtu mwingine yeyote angefukuzwa kwayo.

"Sogea, Mzaramo," akasema, uani wote wakisikia. "Umeishi kwa uchoyo, na sasa hata kufa unataka ufie godoro zima peke yako?"

Kilio kikakatika. Bafta ikaanza kutetemeka juu ya tumbo la mjomba.

"Nunua kwanza," akajibu marehemu, "ndipo ulale."

Waombolezaji wawili walikimbia mpaka barabarani. Waliporudi wakicheka, hawakutaka kuondoka tena. Wakawa wanalibonyeza godoro, wanalikalia, na yule mama aliyelia akauliza bei ya la kitanda kikubwa, akitaka machozi yake yakatwe kwenye bei hiyo.

"Sinema ndiyo hiyo," askari akaniambia akijipangusa vumbi. "Mtu analiliwa, kumbe amelala."

Mjomba akanigeukia. "Haya, msomi?"

Nikamwambia anipe siku mbili tatu nipime. Mambo yalikuwa mengi: je, si uchuro kuuza kitu kwa msiba? Mjomba alikitoa kile kipande cha sufi puani, akakitazama, akanitazama. Nikaona kwamba mpiga picha alituheshimu mno, na kwa heshima ile angetulaza wote tuonekane maiti. Aliyefaa kutuamuru ni mtu mwenye ruhusa ya kutucheka.

Mpiga picha alikuwa ameshafunga vyombo vyake, yuko njiani kutafuta lori. Nikamkimbilia. Njiani nilipanga sababu zangu zote kwa utaratibu, na majibu ya pingamizi zake, nikamfikia nikihema, nikamwambia kamera atashika yeye na amri atatoa askari.

Hakuniuliza sababu hata moja.

"Na ile bafta?" akasema.

Nilikuwa na maoni mengi kuhusu bafta.

"Muulize msimamizi," nikasema, nikambebea kamera kurudi uani, akaweka mkanda.