Mwite Mmoja

Jirani yetu wa uani hapo Msimbazi, mwalimu wa kemia, alikausha chumvi kama wengine wanavyoanika mpunga: juu ya bati, akiipindua kwa vidole vyenye makovu ya moto, jicho mawinguni. Chumvi yenye unyevu ikiyeyushwa huruka na kuunguza. Juu ya jiko lake la mkaa aliweka chungu, chini metali ya risasi iliyoyeyuka, juu yake chumvi iliyoyeyuka, na nyaya za betri ya gari. Katika chumvi alichanganya metali mbili, zinki na magnesi. Alitaka umeme uisukume zinki peke yake iingie kwenye risasi. Ng'ambo alikosoma walitenga urani, madini ya nyuklia, hivyo hivyo.

"Urani unayo?" aliuliza Zamzam, mpangaji mwenzetu, akisukuma chapati.

"Sina. Siku nchi ikichimba yake, nitakuwa najua."

"Si uongeze betri umalize upesi?"

"Ukipiga kelele Kariakoo wanageuka wote. Mimi namwita mmoja."

Alisema kwa sauti ndogo, kawaida yake. Lakini siku ile wingu la masika lilitanda, naye, kwa mara ya kwanza, akaunga betri ya pili. Risasi ilipopoa aliitumbukiza kwenye bakuli la maji. Ikatoa mapovu, ambayo zinki peke yake haitoi: magnesi nayo imeingia. Alibeba bati lake hadi chini ya banda la jikoni, akatandaza chumvi nyingine huku mvua ikimwagika. Zamzam akaepua kikaango cha chapati, akamsogezea mwalimu jiko lake mwenyewe.

"Haya, mwalimu, mwite tena. Taratibu."