Kununua Besi kwa Mkono wa Shemeji

Kwenye karakana ya samani walimwita Nane, na aliyeanzisha jina hilo alikuwa yeye mwenyewe. Mashine ya randa ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikabaki vigutu. Siku aliporudi kazini wenzake hawakujua watazame wapi. Akawaambia, "Msihangaike bwana, kuanzia leo mimi ni Nane." Wakacheka, mambo yakaisha. Useremala aliurudia vizuri tu, kwa sababu mwenye vidole vinane hupiga msumari kama mwenye kumi, tena kwa uangalifu zaidi. Kilichokwenda na vidole vile ni gitaa la besi. Kila Jumamosi alikuwa akilipiga kwenye bendi ya mtaani, na vidole vilivyoliwa ndivyo vilivyokuwa vikitembea juu ya nyuzi. Gitaa akaliuza. Redio ikicheza wimbo wenye besi nzuri, ghafla alikumbuka ana shughuli nje.

Mkewe aliliona hilo akanyamaza. Kaka wa mkewe hakunyamaza. Mungu alimpa vipaji vingi, cha kunyamaza akamnyima. Huyu ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ileile. Jioni moja aliingia, na hata kabla hajamiminiwa chai akaanza.

"Shemeji, mpiga besi wetu anahama mwisho wa mwezi. Na sasa hivi tunapiga fanki. Fanki unagonga uzi kwa kidole gumba, halafu unaudonoa kwa kidole kingine. Gumba unalo. Kidole cha pete unacho. Sasa unalilia nini?"

"Nani analia?"

"Basi kesho twende dukani. Ukishindwa, kuna mtu mwingine tumeshamsikia, tutamchukua huyo. Lakini mimi nakutaka wewe."

Nane alisema atafikiria. Kesho yake ndiye aliyetangulia kuvaa viatu.

Duka la vyombo vya muziki vilivyotumika lilikuwa katikati ya duka la dawa na duka la rangi. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na wateja walimwita Mama Nyuzi. Nane alimwamkia akiwa ametia mkono wa kulia mfukoni, na humo ukabaki. Karakanani kila mtu aliuzoea mkono ule. Hapa walikuwa watu wa magitaa, ambao wangeutazama mara moja tu na kujua kilichopotea, na hilo hakuweza kulivumilia.

"Jaribu wewe," alimwambia shemeji yake. "Mimi nasikiliza."

Shemeji, ambaye kwenye gitaa hakujua kichwa wala miguu, alipakata kila moja kama mwanamume aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Akagonga hapa, akavuta pale. Nane alisikiliza. Moja shingo yake ilikuwa imepinda, hilo aliliona kwa jicho la seremala. Jingine lilinguruma ovyo. Kisha likaja jekundu, jipya jipya, la nyuzi tano, lenye sauti nzito ya kushuka mpaka tumboni, na bei yake ililingana na malipo ya kabati alilomtengenezea jirani.

"Atakayepiga ni nani kati yenu?" Mama Nyuzi aliuliza.

"Mimi."

"Mbona hujaligusa?"

"Nimelisikia, mama. Latosha."

Mama Nyuzi alimtazama kidogo, akalifunga. "Haya. Lisipokufaa, lirudishe."

Nyumbani Nane alijifungia chumbani. Akagonga kwa gumba, nyuzi mbili zikalia pamoja, kwa maana nyuzi tano zilibanana kwenye shingo ile kama abiria kwenye benchi. Akapeleka kidole cha pete chini ya uzi ili audonoe, kikagota kwenye mbao. Shingo ilirefushwa mpaka karibu na sumaku za kunasa sauti, kidole hakikuwa na pa kuingilia. Akarudia na kurudia mpaka ngozi ikachubuka. Wala hakulilaumu gitaa. Aliulaumu mkono, akauchukia kuliko siku ile ya mashine.

Alipotoka alimwambia mkewe, "Mwambie kaka yako wamchukue huyo mtu mwingine."

"Mwambie mwenyewe," mkewe alijibu. "Ni kaka yangu, lakini ni shemeji yako. Na hilo gitaa lirudishe kwanza, pesa haziokotwi."

Basi kesho yake akarudi dukani peke yake, akaliweka jekundu juu ya meza kwa mkono wa kushoto.

"Halina kosa, mama. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

Nane akauzamisha zaidi mkono wa kulia mfukoni.

"Mwanangu," alisema Mama Nyuzi, "mficha uchi hazai. Toa mkono."

Akautoa. Mama Nyuzi alivaa miwani, akaushika, akaugeuza juu na chini, akakikunja kidole cha pete na kukikunjua. Hakusema pole, na Nane alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Jana ulinunua gitaa kwa mkono wa shemeji yako," alisema. "Kiatu je, ungenunua kwa mguu wake?"

Nane alicheka bila kutaka.

Gitaa la kwanza aliloshushiwa ukutani lilikuwa zito, likamvuta bega. La pili nyuzi zake zilikaa juu mno, gumba likazama badala ya kuruka. La tatu lilikuwa la kahawia, limechunika pembeni, bei yake chini ya lile jekundu: nyuzi nne zilizoachana vizuri, na shingo iliyoisha mapema ikaacha nafasi. Mama Nyuzi alizishusha nyuzi kidogo kwa ufunguo mdogo, akachomeka waya kwenye spika.

"Usitumie nguvu. Gonga na urudi, kama umegusa sufuria ya moto."

Pigo la kwanza lilitoa sauti ya ubao. La pili uzi ukaruka, ukalia wazi. Kidole cha pete kikaingia chini ya uzi mwembamba, kikauvuta, kikauachia. Ta! Nane akashtuka. Akarudia: gumba, gumba, pete. Alikosea, akaanza upya, akakosea tena mahali palepale. Kisha mguu wake ukaanza kuhesabu wenyewe sakafuni, na vigutu viwili vikatulia juu ya mbao bila kumsumbua mtu. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamtoka, akayaacha yashuke, kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

"Nikufungie hili?" Mama Nyuzi aliuliza.

Nane akaendelea kupiga. Akauliza mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi.

Mteja mmoja alikuwa ameingia kununua filimbi na kusimama mlangoni muda wote ule. "Mwache, mama," alisema. "Mimi sina haraka."