Pampu ya Boti Ilikuwa Shambani Kwangu

Nawasalimu katika jina la Bwana. Naomba jina langu lifichwe. Nina umri wa miaka themanini na mitatu, ni mzee wa kanisa mstaafu, na ninaishi Karatu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikaa Mang'ola. Mvua zilikuwa zimelijaza Ziwa Eyasi, na usharika wetu ulikuwa na boti ya mbao ya kuwafikia waumini wa ng'ambo. Mimi nilikabidhiwa vifaa vyake vya usalama: maboya, kamba, na pampu ya mkono ya kutoa maji yanayoingia chini ya boti. Kila Jumamosi niliifungua pampu hiyo na kuipaka mafuta ngozi yake ya ndani, kwa kuwa maji ya magadi huikausha.

Msimu mmoja miche yangu ya vitunguu ilianza kunyauka, na zamu yangu ya maji ya mfereji ilikuwa bado siku nne. Nami nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopanga zamu hizo. Nikaichukua pampu, nikavuta maji ya wenzangu kwa siri.

Nahodha wetu, nimwite Bura, alikuja asubuhi iliyofuata kuiulizia, nayo bado ilikuwa shambani.

"Ngozi imekauka, nailainisha," nikamwambia. "Chukua kopo la kutolea maji. Ziwa limelala kama ndama aliyeshiba, unaogopa nini?"

Akacheka. "Mzee, ndama huyu akiamka, kopo litamtosha?"

Akaenda, pamoja na mkewe. Mchana upepo ukainuka, boti ikajaa maji. Bura aliokotwa akielea, yu hai. Mwili wa mkewe tuliupata siku ya tatu.

Baraza la wazee wa kanisa lilipomhoji Bura kwa nini aliondoka bila pampu, alijibu kwamba mimi ndiye niliyemwambia aende na kopo. Wote wakanitazama. Nilijua nikiitaja pampu, nitayataja na maji niliyoiba. Nikasema, "Sikumbuki." Akatengwa na Meza ya Bwana kwa uzembe, akahamia Ganako, na kwa aibu hakuingia tena kanisani.

Wiki iliyopita alikuja kwangu akiongozwa na fimbo, macho yamefifia.

"Mzee, katika baraza lile umebaki wewe tu. Niwekee mikono, uniombee nisamehewe. Wewe ulikuwa unatutengenezea pampu. Mimi ndiye niliyekumba maji kwa kopo polepole. Na kwamba hukukumbuka, hilo nilishakusamehe zamani."

Nikamwambia aje Jumapili baada ya ibada.

Nimefunga, nimeomba, na kinywa bado hakifunguki. Nikimweleza, si nitampokonya hata amani ndogo aliyobakiza? Nikinyamaza, nitaiwekaje kichwani pake mikono iliyoisukuma pampu ile?

Jumapili ni keshokutwa. Wengi wenu mna umri wa wajukuu zangu, lakini sioni tena haya kuwauliza. Nielekezeni, wanangu: atakapopiga magoti mbele yangu, nimwambie nini?