Ufa Nilioambiwa Nisiuzibe

Mimi ni mtu wa hasira, sitaki kudanganya. Ufa ulipotokea kwenye ukuta wa chumba cha mama yangu, nyumba yetu ikiwa bado mpya, nilitoka na mchi mkononi kumtafuta fundi aliyeijenga. Jirani mmoja alisema nimpeleke polisi alale ndani. Mwingine alisema twende kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, yaishe kwa maneno. Fundi mwenyewe alisingizia mvua, halafu akaniuliza, "Mama, kwani tuliandikiana karatasi?"

Hatukuandikiana. Siku ya msingi alikula pondu, mboga ya majani ya muhogo, kwangu, akaondoka na kuku, na huku Kisangani mtu huyaona hayo kuwa mapatano tosha.

Basi nikakoroga simenti niuzibe ufa mwenyewe, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Binti wa jirani, avoka, yaani wakili, bado kijana, akanikuta na mwiko.

"Mama, tia ile mwiko chini. Ukiziba hii ufa, unaua shahidi yako."

Akanieleza kwamba shefu anaweza kupatanisha tu, ila tribinali, yaani mahakama, inaweza kulazimisha. Akasema pia kwamba sheria humbana aliyejenga hadi miaka kumi tangu amalize kazi, jengo likiharibika kwa kasoro ya kazi yake. Usiku wa kuamkia siku ile nililala nikijiona sina mtu, kumbe kuna maneno kitabuni yalikuwa yanakesha kwa ajili yangu.

"Na karatasi?" nikauliza.

Akainama kizingitini, akafuta vumbi. Fundi, kwa kujivuna, alikuwa ameandika pale kwa msumari simenti ikiwa mbichi: jina lake, mwaka, nambari ya simu, ili wapita njia wamtafute. Binti akapiga picha.

"Donc karatasi iko hii," akasema.

Tukamshtaki fundi, na tribinali ikamtuma mzee mmoja, fundi tangu ujana wake, aje kuukagua ukuta. Alishuka kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akamwomba mwenye baiskeli spoki kuukuu. Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Akaichomeka kati ya matofali mawili. Simenti iliikatalia kidogo, kisha spoki ikazama yote, polepole, kama kwenye ndizi iliyoiva. Akaichomoa na kunionyesha ncha yake.

"Inje iko simenti. Ndani iko udongo ya kichuguu."

Simenti niliyonunua ilikuwa imepakwa usoni tu. Nilibaki namtazama mzee yule, nikasahau hata kukasirika. Sijapata kuona mtu akisoma ukuta hivyo. Siku ileile tulikihamisha kitanda cha mama kutoka chumbani mle, naye akinung'unika kwamba tunamsumbua bure.

Hakimu akaamuru ukuta ubomolewe na kujengwa upya, kazi yote juu ya fundi. Fundi akaja na nyundo kubwa, amenuna. Kabla hajaiinua, aliuegemea ukuta kwa kiganja kimoja, kuupima tu. Ukaenda wote, ukaangukia ndani.

Vumbi lilipotulia, aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama yako alikuwa analalaka wapi?"

Matusi yangu nilikuwa nimeyaandaa kwa miezi. Badala yake nilisogeza matofali kwa mguu mpaka zikaonekana sakafuni alama za miguu ya kitanda. Fundi akavua kofia, akapiga magoti, akaanza kuondoa yaliyobaki juu ya alama zile, tofali moja moja, kwa mikono.