Mihogo Iliyokataa Kulainika

Huko Wamaza, kila mwanamke alikuwa na kidimbwi chake pembeni mwa kijito, kimezungushiwa mawe, maji yake meupe kama yaliyotiwa maziwa. Mama Régina alizamisha mihogo yake humo, akaenda shambani, na siku ya kuiopoa ilikuwa imelainika kama mkate. Harufu ilishika nguoni hadi kanisani. Hakuna aliyeona haya, maana jirani wa benchi alinuka vilevile.

Sasa anaishi Salamabila kwa mwanawe Musafiri, mchimba dhahabu, na kijito chake kimekuwa pipa la bluu nyuma ya nyumba. Asubuhi moja, siku ya kuopoa, alitia mkono ndani, akabinya muhogo. Mgumu. Akanusa maji. Hayakunuka kitu, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Mama, toa tu tuanike," Musafiri alisema. "Wenzangu wanaingia shimoni, na unga hakuna."

"Iko nguvu kama jiwe."

"Jua litaimaliza."

"Jua halijui kazi hiyo."

"Basi endelea kuiangalia hivyo, kama mukwe aliyekukosea heshima."

Mama Régina hakucheka. Akilini alimwona dada yake Rosine, enzi za Wamaza, akiruka mawe ya kijito na kitunga kichwani bila kukishika, akiwataka wengine wajaribu. Hakuna aliyeweza. Kisha ukaja mwaka wa kukimbia vita. Msituni walikula mihogo iliyolala majini usiku mmoja tu, wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharage. Asubuhi moja Rosine aliamka miguu imekakamaa. Aliishi miaka mingi baadaye, akitembelea fimbo, na hakuruka tena.

"Mihogo hii haitaliwa na mutoto wa mutu," Mama Régina alisema.

Musafiri alinuna, akaenda kumwita jirani yao Nsimire, muuguzi wa kituo cha afya. Labda yeye angemwondolea mama wasiwasi. Nsimire aliinama juu ya pipa, akanusa.

"Mama, ulitia nini humu?"

"Dawa ya maji. Si ninyi mulitufundisha wakati wa kipindupindu? Mimi sisahau."

Nsimire alifunika mdomo, lakini kicheko kikamponyoka. "Basi tulifundisha sana. Mama, ile dawa inaua mikrobe, vile vidudu visivyoonekana kwa macho. Na mihogo inalainishwa na mikrobe. Zinakula sukari yake, zinagawanyika, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka maji yanachachuka. Muhogo ukilainika hivyo ndipo sumu yake inatoka."

"Kumbe zile za kipindupindu ni nyingine?"

"Ni nyingine, lakini zinaishi vilevile: zinakula, zinaongezeka. Dawa haijui ipi ni rafiki. Hata vidonge vya kituoni vya kuua mikrobe viko hivyo. Vinaua za ugonjwa, na zile nzuri za tumbo pia. Ndiyo maana hatuvitoi ovyo."

Mama Régina alikaa kwenye kigoda. Miaka yote ile ya kijito, kumbe wafanyakazi wa kidimbwi, wale wasioonekana, walikuwa wengi kuliko wanawake wenyewe. Hakuna aliyewashukuru.

"Nimewaua wote," alisema.

"Watazaliwa wengine. Maji ya kunywa, tia dawa. Ya mihogo, acha."

"Na wenzangu watakula nini?" Musafiri aliuliza.

"Mchele," mama yake alijibu. "Wakinuna, waambie mimi ndiye niliyekataa."

Alimwaga yale maji, akamtuma mwanawe mtoni kuchota mengine, akaomba kwa jirani kipande cha muhogo uliokwisha kulainika, akakitumbukiza pamoja na ile yake migumu. Siku zilizofuata wachimbaji walikula mchele na kulalamika.

Hadi asubuhi moja Musafiri alipotoka nje akamkuta mama yake mikono imezama hadi viwikoni. Povu jembamba lilielea juu ya maji. Mama aliopoa muhogo, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukapasuka wenyewe, mweupe, na nyuzi za katikati zikatoka bila kuvutwa.

"Njoo," alimwambia. "Sasa unaweza kuanika."